Agosti ya vitabu vya kweli

Goma hakuna mahali laini pa kuangushia simu. Mji wote umekaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, meusi, yenye meno, na simu yangu iliponiponyoka nikishuka kwenye pikipiki, mwanzoni mwa Agosti 2025, kioo chake kilikwenda vipande. Fundi wa mtaa wa Birere aliigeuzageuza, kisha akataja bei kwa dola. Nikamwambia nitarudi. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari mwaka huo, benki nyingi zilikuwa zimefungwa na ndege za abiria hazikuwa zikitua. Dola iliyomfikia mwalimu ilifika imechoka, na unga ukiisubiri mlangoni.

Basi likizo kubwa ikanikuta sina simu. Siku tatu nilihangaika kama mtu aliyeacha tumbaku. Siku ya nne nikaenda kwa muuza vitabu vya mitumba, yule anayetandaza turubai lake kando ya barabara, nikarudi na vitabu vinne vya Kifaransa ndani ya mfuko wa sukari. Nilivipata kwa bei ya kirafiki kwa kuwa alikuwa karibu kuvipima kwa kilo. Visivyopata mnunuzi huwauzia akina mama wa karanga, nao huchana kurasa na kufungia. Nimewahi kula karanga zilizofungwa katika Katiba. Vingine viwili vilikuwa fotokopi, nilizoletewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Hivyo vilikuwa vya Kiswahili, na nitavifikia.

Vyote sita havikuwa vya kubuni. Kiswahili hakijatulia na jina moja la vitabu vya namna hiyo, lakini wanangu walinitatulia shida siku ya kwanza: "vitabu vya kweli". Jina zuri, ila lina mtego. Ukikiita kitabu cha kweli kabla ya kukifungua, umeshakipa ushindi.

Sikukusudia kuvisoma kwa sauti. Umeme ndio ulioamua. Ukikatika, na hukatika, tunatoka uani na kukaa kuizunguka mbabula, jiko letu la mkaa: sisi, na Mama wa nyumba ya pili anayeuza vitenge Birere, na kijana wa pikipiki aliyepanga chumba cha nyuma, na mara nyingine mzee mmoja mzaliwa wa Kasongo ambaye huja kuomba moto na kusahau kuondoka. Hapa niseme jambo moja pembeni. Mhariri aliponiomba makala juu ya mwezi huo nilicheka, kwa sababu huku kwetu makala ndiyo mkaa, ule mweusi wa gunia. Nimeandika makala kuhusu yale tuliyozungumza mbele ya makala.

Nilianza na mlima, maana tulikuwa tunauona. Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkeno aliyezaliwa Warsaw mwaka 1914, aliufikia Nyiragongo kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na kukuta ziwa la moto ndani ya shimo lake. Alirudi mara nyingi, akateremka mle ndani na wenzake, na mwaka 1975 akatoa kitabu kizima juu ya mlima huo, ambacho kwenye jalada kinauita volkeno iliyokatazwa. Anaandika vizuri, huo ni ukweli. Joto, harufu ya kiberiti, kamba zinazosuguliwa na mawe, rangi za usiku. Nilikuwa nafasiri papo hapo, Kifaransa kikiingia machoni na Kiswahili cha Goma kikitoka mdomoni, na uani kulikuwa kimya. Juu yetu anga lilikuwa limekolea wekundu kidogo upande wa kaskazini.

Nilipofika mahali anapousifu uzuri wa ziwa lile, Mama wa nyumba ya pili akaniuliza, "Mwalimu, ule muzungu, akimaliza kutazama, alikuwa naenda kulala wapi?"

Niliufunga ukurasa kwa kidole. Hakuwa akitania. Mwaka 2002 alikuwa na nyumba ya mbao katikati ya mji. Alhamisi ile, tarehe 17 Januari, mlima ulipasuka ubavuni, moto ukashuka kama uji, ukapita juu ya njia ya ndege, ukaugawa mji na kuingia ziwani. Watu laki kadhaa walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua. Yeye alivuka akiwa na mtoto mgongoni na cherehani kichwani, na anasema kilichomtisha zaidi hakikuwa moto, bali watu waliokuwa wanarudi nyuma kutafuta mafuta ya bure kwenye kituo cha petroli. Kituo hicho kililipuka. Aliporudi mjini hakukuta hata mahali pa kusimama aseme "hapa palikuwa mlango wangu", kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa imepanda. Watoto wetu hawajui kwamba chini ya nyumba nyingi za mjini kuna nyumba nyingine.

Tazieff hana jibu la swali la Mama, wala sitamlaumu. Aliandika kutoka juu, sisi tunausoma mlima kutoka chini. Lakini kuna tarehe ambayo tangu usiku ule siwezi kuitenga na kitabu chake. Tarehe 10 Januari 1977, miaka miwili tu baada ya kitabu kutoka, ziwa alilolisifu lilipasua kingo na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja, lava nyepesi kuliko watu walivyowahi kuona, ikakimbia mteremkoni kwa kasi ya gari. Vijiji vya chini havikupata nafasi ya kukimbia. Mzee wa Kasongo alikuwa kijana hapa mwaka huo. "Tembo pia balikufa," akasema, na hakuongeza neno.

Kutoka hapo hatukusoma tena siku ile. Tulizungumzia 2021, usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei mlima ulipopasuka tena, na amri ya siku tano baadaye ya kuhama mitaa kumi alfajiri, na jinsi kila mmoja wetu alivyochagua njia yake: Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda. Kijana wa pikipiki alikiri kwamba alipandisha nauli mara tano. Hakuna aliyemkaripia. Mama alimuuliza tu kama pesa zile bado anazo.

Cha pili kilichekesha, na sikutarajia. Che Guevara aliandika kumbukumbu za miezi yake saba nchini mwetu, kutoka Aprili hadi Novemba 1965, alipovuka Ziwa Tanganyika akitokea Kigoma kuwasaidia waasi wa Simba wa upande wa Fizi. Aliziandika Dar es Salaam mara baada ya kushindwa, katika ubalozi wa Kuba, na hazikuchapishwa hadi miaka ya 1990, yeye akiwa ameshakufa zamani. Wakuba walijipa majina kwa hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, mwenzake mwingine Mbili, na Che mwenyewe, mwenye amri kuliko wote, akawa Tatu. Watoto walipenda hilo. Kwa wiki nzima mwanangu wa mwisho hakuitika ila kwa jina la Nne.

Che analalamika kwa uchungu kuhusu wapiganaji waliotegemea dawa ya mganga kugeuza risasi, na viongozi waliokuwa wakikaa mbali na mapigano, akiwamo kijana aitwaye Laurent-Désiré Kabila ambaye ahadi zake za kufika mstari wa mbele hazikuwa na mwisho. Anasimulia pia jinsi watu walivyokataa kubeba mizigo milimani, wakijibu kwamba wao si malori. Kijana wa pikipiki aliposikia alipiga goti lake. "Bale ba-Simba balikuwa na akili. Mimi pia hapana chukudu!" Chukudu, kwa msomaji wa mbali, ni ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, inayoshusha viazi na makala kutoka vijijini, na mjini imejengewa sanamu. Che angekaa Goma wiki moja angejifunza kwamba mtu wa hapa hukataa kubeba mzigo wa mtu asiyemwambia bei. Maoni yangu: ni kitabu cha kweli kwa maana adimu, kwa sababu aliyekiandika anajihukumu mwenyewe humo. Vitabu vingi vya vita vya huku Kivu huwahukumu wengine.

Kile kinene cha David Van Reybrouck, historia ya Kongo iliyotoka kwa Kiholanzi mwaka 2010, miaka hamsini ya uhuru, na iliyopata tuzo ya Médicis ya insha ilipotafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 2012, kilinichukua siku tisa, nami sitakaa nacho sana hapa kwa sababu kimeshasifiwa vya kutosha. Sifa zake ni za haki. Alizunguka na kuwauliza watu wa kawaida, akiwamo mzee Nkasi aliyesema alizaliwa mwaka 1882, na mzee huyo ananibakia kichwani kuliko mawaziri wote waliomo. Sura ya mwisho inatoka Kongo kabisa na kwenda Guangzhou, China, kwa wafanyabiashara wa Kikongo. Mama wa nyumba ya pili amefika Guangzhou mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ni sawa, hakudanganya, ila hakueleza namna unavyoficha hedhi ndani ya ndege ya saa nyingi ukiwa umevaa pesa za watu wanne tumboni. Nimeliandika hapa kwa ruhusa yake. Ni mstari mmoja tu, na sijawahi kuusoma katika kitabu chochote cha biashara.

Kimoja sikukimaliza. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2018, alitoa mwaka 2021 kitabu juu ya nguvu za wanawake aliowatibu katika hospitali ya Panzi. Nilijua sitakisoma uani. Nilikipeleka chumbani, nikafika kwenye habari za Lemera, hospitali aliyokuwa akiiongoza, iliyoshambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani na wauguzi pamoja nao. Nikaruka kurasa. Nikaruka tena. Kisha nikakiweka juu ya kabati. Baada ya siku mbili nikakikuta juu ya mto wangu. Binti yangu mwenye miaka 17 alikuwa amekimaliza. "Papa," akaniambia, "ile ya Lemera uliruka sababu gani? Ye mwenyewe hakuruka." Bado nina deni hilo.

Sasa nije kwa Kiswahili.

Fotokopi ya kwanza ilikuwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa mzee Unguja alipoyaandika kwa herufi za Kiarabu, akiombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyeyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye, mwaka 1966, yakatolewa Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Mwenyewe alifariki mwaka 1905. Nilikuwa nafundisha habari zake kila mwaka, kwa Kifaransa, kutoka kitabu cha shule, kwa mistari minne. Sikuwahi kumsikia akizungumza.

Usiku ule sikufasiri kitu. Ndiyo mara ya kwanza katika mwezi mzima ambapo kilichokuwa kwenye karatasi na kilichotoka mdomoni kilikuwa kimoja. Maneno mengine yalikuwa ya pwani na ya zamani, lakini watoto walifuata. Mzee wa Kasongo alisogeza kiti. Alisikia Nyangwe, alisikia Lualaba, alisikia Utetera, alisikia Kasongo ya kwao. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyojifanya ndugu wa damu wa mtawala wa Utetera kupitia kwa bibi yake, na kwa hadithi hiyo akakabidhiwa nchi. Anaisimulia bila haya, kama mfanyabiashara anayeeleza bei aliyoipata sokoni. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Bongo!" akasema. "Bongo tupu!" Pwani bongo ni akili, kwetu bongo ni uongo, katika habari hii zote mbili zinafaa.

Kisha nikaendelea. Stanley, yule Mzungu msafiri, na mapatano yao ya 1876. Pembe, pembe, pembe. Pembe anazipima kwa frasila na kukumbuka hesabu miaka thelathini baadaye. Vijiji vinapigwa, watu wanashikwa, na sentensi inaendelea mbele kutafuta pembe nyingine. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mkono wa Stanley, anamfanya wali wa Stanley Falls kwa mshahara, na mtu aliyekuwa akijitegemea anakuwa mfanyakazi. Miaka michache baadaye Wabelgiji wanawapiga Waarabu na Waungwana wa Maniema, mwanawe Sefu anakufa vitani mwaka 1893, Kasongo inaanguka. Mzee hakucheka tena. Nilipomaliza alikaa akichokoa majivu kwa kijiti.

"Njo ye alituletea luga," akasema. "Na njo ye alituuzisha."

Sina sentensi bora kuliko hiyo juu ya Tippu Tip, na nimesoma wasomi wengi. Lugha niliyoisoma nayo usiku ule ilifika kwetu kwa misafara yake na ya wenzake. Kitabu cha kwanza nilichoweza kuwasomea majirani zangu bila kufasiri neno kiliandikwa na mtu ambaye babu zao waliwakimbia watu wake.

Fotokopi ya pili ndiyo iliyonishinda kwa mapenzi. Mwaka 1965 wazee waliokuwa maboi wa Wazungu mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliandika historia ya mji wao. Jina waliloliweka juu ni la Kifaransa, wakiliita msamiati wa mji, lakini ndani ni Kiswahili chao cha Katanga mwanzo hadi mwisho, na anayetajwa kuwa mwandishi ni André Yav. Kurasa 33 za taipu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, aliichapisha Amsterdam mwaka 1990 pamoja na maelezo yake. Ukiitazama kwa macho huielewi. Maneno yameunganishwa pasipostahili, yamekatwa katikati, nukta zimeanguka popote. Binti yangu alidhani fundi wa fotokopi ameharibu. Fabian mwenyewe alilazimika kumpa Mkongo aisome kwa sauti ndipo akaielewa. Nami nikafanya hivyo hivyo, na mara tu sauti ilipoanza, maneno yakajipanga yenyewe. Ilikuwa mtu anazungumza. Waliopika, waliofua, waliolea watoto wa wakubwa wa kampuni za madini, wakiwa wazee, wamekaa na kusema: na sisi tulikuwepo, tuliona, tutaandika.

Kijana wa pikipiki, ambaye hakumaliza shule, aliomba kuishika. Akasoma ukurasa mzima kwa kidole, polepole, bila kukosea. Tahajia ile ndiyo anayoandikia ujumbe wake wa simu kila siku.

Nimefanya hesabu ya mwezi. Vitabu sita, vinne vilihitaji mdomo wangu ili viwafikie watu vinavyowahusu. Viwili vilikuwa vya Kiswahili, kimoja cha tajiri, kingine cha maboi, na vyote viwili ilibidi vipite Ulaya, kimoja Berlin, kingine Amsterdam, kabla ya kurudi uani kwetu vikiwa fotokopi. Kati ya sita, hakuna kilichoandikwa na mtu wa Goma. Kuhusu 2002 nimepata kusoma ripoti za Umoja wa Mataifa na makala za wataalamu wa volkeno, zenye ramani nzuri za njia ya moto. Mama wa nyumba ya pili hayumo. Cherehani haimo. Wala siamini tena ule udhuru wetu wa kwamba watu wa huku hawasomi. Walikuja kila usiku, bila kuitwa, na walisahihisha.

Shule zimefunguliwa, na jioni nina madaftari ya kusahihisha. Lakini Jumapili mbili hizi nimekaa na Mama na kalamu. Tumefika saa nane mchana ya tarehe 17 Januari. Sentensi yangu ya kwanza aliikataa. Niliandika kwamba mlima "ulilipuka". Anasema haukulipuka, ulifunguka. Nimekata, nimeandika ulifunguka.

Muuza vitabu bado yuko na turubai lake. Nilipopita wiki iliyopita nilimkuta akipima kwenye mizani bunda la madaftari ya mkono, ya wino wa bluu, yaliyoletwa na familia iliyokuwa inahama. Wauza karanga huyapenda, karatasi yake ni ngumu. Nilinunua matatu yaliyosalia. Moja ni hesabu za duka, moja ni nyimbo za kanisa, na la tatu linaanza na habari za wakimbizi wa Rwanda wa Julai 1994, kipindupindu, na maiti kando ya barabara ya Mugunga, kwa Kiswahili, mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka. Kurasa zake za mwisho zimeshachanwa. Ndugu msomaji, kama marehemu baba au bibi yako aliacha daftari, usimpelekee yule bwana kabla hujalisoma kwa sauti.